Somo: Jinsi ya kumuazima mwenzio komiki mpaka aombe nyengine

Haya jamaa, kila tukikutana barazani mwaulizana "una komiki gani kali", mtu ataja majina mfululizo mpaka kahawa inapoa, halafu hakuna hata mmoja anayekwenda kusoma. Kutaja majina si kushea. Kushea ni kitabu kitoke kwako kiingie mkononi mwa mtu, akisome chote, kisha aje mbishane. Basi hii ndo njia ninayoiona yafanya kazi hapa Mombasa, mwenye nyengine aongeze kule chini.

HATUA YA 1: Mtizame mtu, sio kabati lako

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo watu huharibu. Mtu akisema "mimi katuni siwezi, ni za watoto", mara nyingi alipewa kitabu anachokipenda yule aliyempa. Wewe shabiki wa superhiro wamuazima dadako, ambaye raha yake ni nani kaposwa na nani kaachwa, kitabu cha majamaa wamevaa chupi juu ya suruali wapigana hewani, sasa ataka amalize kweli? Huyo mpe Aya, ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie, ilianza kutoka Ufaransa 2005. Ni wasichana watatu wa mtaa wa Yopougon, Abidjan, mwisho wa miaka ya 70, kuna wazazi wakali, kuna wachumba waongo, kuna mtoto ambaye babake ni maneno matupu, na ile Afrika ya vita na njaa tuliyozoea kuonyeshwa humo haimo. Atakuja kukuuliza ya pili iko wapi.

Kijana wa mpira mpe Supa Strikas ya Afrika Kusini, usimpe kitu kizito siku ya kwanza. Mwenye kupenda siasa na historia mpe Persepolis, Marjane Satrapi asimulia utoto wake Iran wakati wa mapinduzi ya 1979 na vita na Iraq vilivyofuata, picha nyeusi na nyeupe tupu, na bado utacheka. Na yule mbishi kabisa wa "ni za watoto" mpe Maus, Art Spiegelman amchora babake aliyenusurika kambi za Wanazi, Wayahudi amewafanya panya na Wajerumani paka, kikapata tuzo maalum ya Pulitzer 1992. Mpe halafu unyamaze, usimuhutubie.

Wazee nao msiwasahau. Gado, huyu huyu wa katuni za magazeti, alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili 1996 chini ya wachapishaji Sasa Sema, ukikipata kwa wauza vitabu vya mitumba usikiwache. Lakini mzee wa Pwani humsomeshi Abunuwasi, atakusahihisha yeye. Na aliyewahi kukaa Tanga au Dar ukimtajia tu Ndumilakuwili na Lodilofa wa jarida la Sani ashaanza kucheka kabla hujafungua ukurasa, na waliokuwa wakinunua Taifa Leo watakutajia Juha Kalulu wa Gitau.

HATUA YA 2: Anza na kitu chenye mwisho

Usimpe mtu mgeni juzuu ya arubaini na kitu ya One Piece, manga (yaani komiki ya Kijapani), ati "utashika tu stori". Ile ilianza 1997 na juzuu zishapita mia, huyo mtu ana kazi na watoto. Mpe kitabu kimoja kinachojimaliza, au manga fupi, mfano Death Note ni juzuu 12 basi. Halafu mwambie mapema kwamba manga yaanza kulia kwenda kushoto. Hili nimeona la ajabu, watoto waliopita madrasa hawahangaiki, wafungua upande sahihi wenyewe kwa mazoea ya msahafu, ni sisi watu wazima ndo twaanzia mwisho na kujua muuaji ni nani.

HATUA YA 3: Mwambie asikimbie

Msomaji mpya husoma maneno ya kwenye viputo tu, amaliza kitabu kwa muda wa kivuko cha Likoni, akuambia "ah fupi". Mfungulie ukurasa mmoja usio na maneno, muulize nini kimetokea baina ya kisanduku hiki cha picha na hiki. Mlango wafunguliwa, kisanduku cha pili kikombe kiko chini, nani kakiangusha? Hapo mchoraji amekuachia kazi wewe. Akishaona hivyo mara moja basi, hutakuwa na haja ya kumfundisha tena. Na stori usimsimulie!

HATUA YA 4: Daftari

Jina, namba ya simu, kitabu, siku kilipotoka. Wiki mbili zatosha. Kimoja kirudi ndo chengine kitoke, hata kama ni binamu yako, tena hasa kama ni binamu yako. Andika pia hali ya kitabu kikitoka (kona imekunjika, ukurasa umelegea) ili pasiwe na maneno baadaye.

HATUA YA 5: Kitunze na hewa ya huku

Vitabu vinavyouzwa Nairobi havijui unyevu wetu. Karatasi yavuta maji, gundi yaachia, na zile komiki nyembamba za pini, pini zashika kutu na doa lapita kurasa tatu nne. Kwa hivyo:
- usiegemeze kabati kwenye ukuta, hasa nyumba za mawe za Mji wa Kale, kuta zile zapitisha unyevu na chumvi
- kile kipakiti cha vijiwe kinachokuja kwenye boksi la viatu usitupe, tia kwenye boksi la komiki
- mfuko wa plastiki sawa, lakini kitabu kiwe kikavu kwanza, ukifunga kikiwa na unyevu umeotesha ukungu mwenyewe
- jua la dirishani lapausha rangi, nyekundu ndo hutangulia

Na mabuyu. Jamani mabuyu. Viazi karai na ukwaju ntavumilia manake mtu hunawa, lakini mabuyu mtu asema vidole vikavu na ukurasa wote wawa kama wa kesi ya polisi.

HATUA YA 6: Kukutana

Mama Ngina kule ufukweni pazuri kwa macho, ila upepo wa kusi wafungua kurasa wenyewe, hamtasoma. Baraza la mtu au ukumbini ni bora, baada ya alasiri. Hapo kituo cha Swahilipot karibu na Fort Jesus vijana wa sanaa wapo, kaulizeni utaratibu wao. Kila mtu aje na vitabu viwili vitatu lakini aongee kuhusu kimoja tu, na aonyeshe ukurasa, asisifu hewani.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mtaa wake)

Kisauni: Kaka, kwa nini tusitumiane PDF kwenye WhatsApp tumalize? Vitabu ni ghali.

Jibu: Ghali kweli, sikatai. Lakini PDF ya wizi haimlishi hata mwandishi wa huyo Aya wetu, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haikuruhusu. Na vya bure vya halali viko. Komiki ya Shujaaz tangu 2010 yatolewa bure, kwa Sheng, na ilishinda tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012. Kwa manga kuna programu ya Manga Plus ya wachapishaji wenyewe wa Japani, manga nyingi mule sura za mwanzo na za karibuni wasoma bila kulipa. Onja huko, ukipenda changeni mnunue kimoja mzungushe.

Bombolulu: Mwanangu ana miaka tisa, ashachukua manga ya kakake. Niogope?

Jibu: Shikamoo mamangu. Usiogope, geuza nyuma ya kitabu. Manga za wachapishaji Viz zaandikwa umri, zile za T+ na M (za vijana wakubwa na watu wazima) mwekee mbali. Asterix ni salama na yachekesha. Tintin pia, ila ile ya Kongo ya miaka ya 1930 Waafrika wamechorwa kwa dharau kubwa, hiyo usimwachie peke yake, kaa naye umwambie wazi. Na Aya bado, ni ya wakubwa.

Mtopanga: Mimi mamangu hasomi Kiingereza wala Kifaransa. Yeye ndo basi?

Jibu: Si basi. Msomee. Wewe shika kitabu, yeye atizame picha, wewe tia maneno kwa Kiswahili chenu cha nyumbani. Yaenda polepole, lakini akina mama wana maswali makali, atakuuliza mbona yule nyuma amekunja uso na wewe hukuwa hata umemuona.

Likoni: Mtu kachukua juzuu ya tatu kaenda nayo Dubai kikazi. Daftari lasema nini?

Jibu: Daftari lasema jina la mdhamini lilitakiwa liwepo 😂 Kuanzia sasa mwenye safari aseme. Huyo mpigie, asiirudishe kwa posta, akituma pesa ya M-Pesa kupitia nduguye nunueni nyengine, yeye abaki na hiyo.

Likoni (tena): Nduguye ndo mimi.

Jibu: Basi twakungoja Jumamosi, njoo na hela.