Somo: Namna ofisi ya mawakili inavyotunza taarifa za watu, tangu mteja anapoingia hadi jalada linapofungwa

Wiki hii nimeulizwa mara tano swali lilelile: ofisi ya mawakili ifanye nini ili taarifa za watu zisivuje? Nimejibu kila mmoja kwa ujumbe wa faragha. Kuanzia leo jibu langu ni uzi huu, na anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Mimi si wakili. Nasimamia masjala, na nimekaa na majalada ya wateja kwa miaka 14.

Kabla ya hatua, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Siri ya wakili na mteja humlinda mteja. Taarifa binafsi ni pana zaidi. Ndani ya jalada moja la talaka yumo mtoto, yumo shahidi, yumo jirani aliyetajwa mara moja kwenye kiapo, na yumo mwenzi wa upande wa pili ambaye hakutuajiri wala hatupendi. Hakuna kati yao aliyekuja kuomba aandikwe. Jalada ni la mteja, lakini maisha yaliyomo ni ya watu wengi, na wote wana haki.

Hatua ya 1. Chukua kidogo mwanzoni. Mtu akija mara ya kwanza, unahitaji jina lake, jina la anayegombana naye, na sentensi moja kuhusu shauri. Hizo zinatosha kuangalia kama kuna mgongano wa maslahi. Usinakili kitambulisho, wala usipokee cheti cha hospitali, kabla hujajua kama mtamchukua. Ukishapokea cha mtu mtakayemkataa, una mzigo wa kukilinda bila kazi ya kukifanyia.

Hatua ya 2. Mkataba wa huduma useme wazi mnakusanya nini, nani atakiona, na kitakaa muda gani.

Hatua ya 3. Ruhusa ziende kwa jalada. Ofisi nyingi zina folda moja kubwa ambayo kila mtu anaifungua, hadi mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya mwezi mmoja. Mpe mtu majalada anayoyafanyia kazi, basi. Mfumo uandike nani alifungua nini na lini. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Hatua ya 4. Nywila ndefu, uthibitisho wa hatua mbili, na diski za kompyuta mpakato zisimbwe, yaani zisisomeke bila nywila.

Hatua ya 5. Barua pepe. Ukiandika herufi tatu za jina, programu inakumalizia. Ndivyo barua ya mteja mmoja inavyomfikia mteja mwingine mwenye jina la kwanza kama lake. Zima huko kujimalizia, na weka barua isubiri dakika moja kabla ya kuondoka ili uweze kuirudisha. Jambo la pili: barua ikija kusema akaunti ya benki imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Wezi husoma mazungumzo kimya kwa wiki nyingi, wakajitokeza siku ya malipo.

Hatua ya 6. Kuficha maandishi kwenye hati. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Tulikuwa na kesi ya mama aliyehama kwa siri akimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Makazi yake mapya yalitajwa mara mbili kwenye kiambatisho ambacho lazima kiende upande wa pili. Nikapewa kazi ya kuyaficha. Nikachora visanduku vyeusi juu ya maneno, nikageuza hati kuwa PDF, nikaitazama kwenye skrini: nyeusi tii. Nikatuma. Alasiri wakili wa upande wa pili akampigia mkuu wangu simu: "Nimenakili ukurasa wa tatu nikaubandika kwingine, anwani yote imetoka. Sijampa mteja wangu. Leteni nyingine." Alikuwa muungwana. Lakini hatukuweza kuweka usalama wa familia juu ya uungwana wa mtu mmoja. Mama yule alihama tena wiki ileile na watoto wakabadilishwa shule. Nilikuwepo alipoelezwa sababu. Sijasahau.

Sababu yenyewe ni hii: ndani ya PDF maandishi yako chini na kisanduku kimechorwa juu yake. Umeyafunika, hujayaondoa. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump huko Marekani, waliwasilisha mahakamani hati yenye sehemu zilizopakwa weusi, na waandishi wa habari wakazisoma kwa kunakili na kubandika tu.

Fanya hivi. Tengeneza nakala mpya, halisi iachwe mahali penye ruhusa ya wachache. Tumia zana ya programu ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya kuondoa maandishi. Zana hiyo ina sehemu mbili: kuweka alama, kisha kutekeleza. Wengi huweka alama wakahifadhi bila kutekeleza, na hati huondoka na kila kitu ndani. Ukimaliza, chagua ukurasa wote, nakili, bandika kwenye faili tupu ya maandishi, usome kilichotoka. Halafu tafuta jina kwa kisanduku cha kutafutia. Halafu mpe mwenzako ambaye hakuifanya hiyo kazi ajaribu kuyatoa maandishi uliyoyaondoa.

Onyo la kwanza: hati iliyoskaniwa mara nyingi huwa na tabaka la maandishi lisiloonekana, ambalo skana au programu yake imeliandika ili hati iweze kutafutwa. Ukipaka picha weusi, tabaka hilo linabaki.

Onyo la pili: angalia taarifa za faili zenyewe. Hati ya Word hubeba maoni, masahihisho yaliyofuatiliwa, jina la mwandishi, na pengine jina la mteja wa zamani ambaye hati yake mliigeuza kiolezo. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba viwianishi vya mahali ilipopigwa. Unaweza kufuta anwani kurasa zote, kisha picha ya mlango uliovunjwa ikaitaja.

Onyo la tatu: ukubwa wa kisanduku huzungumza. Kama waliowezekana kutajwa ni watu watatu na nafasi inatosha jina moja tu, umemtaja. Weka "Shahidi A" penye jina.

Hatua ya 7. Karatasi na mashine. Meza iwe tupu jioni. Mashine ya kukata iwe ile inayotoa vipande vidogo, maana nyuzi ndefu huunganishwa tena. Na kumbukeni kuwa mashine nyingi kubwa za kunakili zina diski ndani inayoweza kuhifadhi picha za mlivyonakili. Kabla ya kuiuza au kuirudisha kwa mkodishaji, diski ifutwe au itolewe.

Hatua ya 8. Nakala za akiba. Tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na ofisi na isiunganishwe na mtandao wa ofisi. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho NotPetya kiliiangusha DLA Piper, moja ya ofisi kubwa za sheria duniani, ikabaki bila simu wala barua pepe. Na jaribuni kuirejesha hiyo akiba. Akiba ambayo haijawahi kurejeshwa haina tofauti na kutokuwa nayo.

Hatua ya 9. Shauri likiisha, rudisha hati halisi kwa mwenyewe, andika tarehe ya kuharibu nakala, na siku ikifika haribu na uandike kuwa umeharibu. Kukiwa na rufaa au shauri jingine linalohusiana, hakuna kinachoguswa.

Hatua ya 10. Ikivuja. Saa inaanza kuhesabu pale mnapojua, siyo pale mnapomaliza kulaumiana. Kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inatoa saa 72 kumjulisha msimamizi wa sheria hiyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataja saa 72. Andikeni leo nani anampigia nani, kwa sababu siku yenyewe hamtafikiri vizuri.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

karani_mpya: Mkuu asante kwa somo. Swali: nikitumia ile rangi nyeusi ya Word juu ya maneno halafu nigeuze PDF itakuwa salama?

Mtoa somo: Rudi hatua ya 6.

karani_mpya: Nimesoma haraka haraka ndio maana nauliza.

Mtoa somo: Basi isome tena bila haraka. Kuna familia ilihama nyumba kwa sababu ya jibu la swali lako.

wino_na_muhuri: Sisi tunachapisha, tunapaka kwa kalamu nzito ya wino, tunaskani. Hapo hakuna tabaka la chini.

Mtoa somo: Uko karibu. Tatizo ni kwamba wino wa kalamu na wino wa mashine haufanani. Ongeza mwanga wa picha kwenye kompyuta na mara nyingi herufi zinajitokeza. Shika karatasi dirishani uone. Kama mnataka njia ya karatasi, kateni maneno kwa wembe, au yafunikeni kwa karatasi nzito, mnakili, kisha mskani ile nakala. Inachosha ila inafanya kazi.

wino_na_muhuri: Nimeshika dirishani sasa hivi. Jina linasomeka. Naenda kuongea na bosi.

Mtoa somo: Nenda. Na mwambie mpitie zilizokwisha kutoka, siyo zijazo tu.

mtu_wa_kaunta: Unatisha watu bure. Ofisi yetu ina mawakili wawili na karani mmoja. Mwizi gani wa mtandao atatufuata sisi?

Mtoa somo: Soma tena kisa changu, ndugu. Mwizi yuko wapi mle? Hakuna aliyeingia kwenye mfumo wetu. Mimi ndiye niliyetuma. Ofisi ya watu watatu inatuma barua, inanakili karatasi, inapoteza simu. Na mama wa namna ile hachagui ofisi kwa ukubwa.

mtu_wa_kaunta: Sawa, hilo nalikubali. Ila gharama?

Mtoa somo: Kuzima barua pepe kujimalizia ni bure. Kufunga akaunti ya aliyeondoka ni bure. Kunakili na kubandika ili kujaribu ni bure. Anza na hizo.

mwanafunzi_wa_sheria: Shikamoo. Umesema shahidi na jirani nao wana haki. Je, mtu wa upande wa pili akiandika kwetu akidai aone taarifa zake zote tulizonazo, tunampa jalada?

Mtoa somo: Marahaba. Swali zuri sana, na hata mawakili wakongwe hujikwaa hapo. Sheria nyingi za taarifa binafsi humpa mtu haki ya kujua mnachohifadhi kumhusu. Lakini haki hiyo huishia pale siri ya wakili na mteja inapoanza: ushauri mliompa mteja wenu na maandalizi ya kesi kwa kawaida havitoki, hata kama jina la mwombaji limo kila mstari. Kosa la kwanza ni kutoa kila kitu kwa hofu. Kosa la pili ni kunyamaza kabisa mkidhani siri inafunika yote. Jibuni ndani ya muda, thibitisheni kwanza kwamba mwombaji ni yeye kweli, kisha wakili apitie hati moja moja. Usiamue wewe wala mimi. Kazi yetu masjala ni kujua kila kipande kiko wapi ili wakili apate cha kupitia.

mwanafunzi_wa_sheria: Na hizi programu za akili bandia? Wenzangu wanabandika viapo vizima wapate muhtasari.

Mtoa somo: Wasibandike. Kwanza ofisi ijue maandishi yanakwenda wapi, yanakaa muda gani, na kama yanatumika kufundishia mashine. Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa maoni rasmi namba 512 Julai 2024 kuhusu hili hili, na usiri wa mteja ni sehemu kubwa ya maoni hayo. Kama hujui yanakokwenda, chukulia umempa mgeni jalada. Ukiuliza sheria kwa ujumla bila kutaja mtu wala tukio linalomtambulisha, hapo una nafuu.

haraka_haraka: Nitumie fomu na sera zote za ofisi yenu nibadilishe jina tu.

Mtoa somo: Hapana. Ni mali ya ofisi, na sera iliyobadilishwa jina haijui majalada yenu yako wapi.

sauti_ya_simu: Wateja wetu wanatuma kila kitu kwa WhatsApp, picha za vitambulisho, hata sauti. Kuwakataza haiwezekani.

Mtoa somo: Kweli, haiwezekani. Tumia simu ya ofisi. Zima picha kujihifadhi kwenye albamu ya simu. Angalia akiba ya mazungumzo inakwenda kwenye akaunti ya nani. Kila kilichopokelewa kihamishiwe kwenye jalada siku hiyohiyo, kisha kifutwe kwenye simu.

wino_na_muhuri: Nyongeza: mkishiriki skrini kwenye kikao cha mtandaoni, zimeni arifa. Juzi jina la mteja mwingine lilipita juu ya skrini mbele ya watu tisa.

Mtoa somo: Hiyo sikuiandika, na ni muhimu. Ongezeeni na majina ya faili: "Talaka" pamoja na jina la mtu, kwenye orodha ya faili za karibuni, inaonekana kabla hujafungua chochote. Sisi tunatumia namba ya jalada peke yake. Bosi amesema nini?

wino_na_muhuri: Ameagiza zote za mwaka huu zipitiwe. Tumefika hati ya 11, mbili zinasomeka.

Mtoa somo: Mwambie wakili anayehusika leo, kabla hamjaifikia ya 12.