Kurudi kwenye kitochi kwa muda: soma yote kabla ya kuuliza

Nimejibu swali la jinsi ya kuweka simu janja kando na kutumia kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, mpaka vidole vimeota sugu, basi naliweka hapa mara moja. Nilikaa siku 40 bila simu janja, kisha nikairudia kwa hiari yangu.

Hatua ya 1. Tafuta kitochi kinachopiga simu kwa 4G. Kuna nchi zilizokwisha kuzima mitandao ya zamani, 2G na 3G. Huko kitochi cha zamani kinabaki tochi kweli.

Hatua ya 2. Hamishia majina kwenye laini. Nyingi hubeba 250 hivi. Hupigii hata 30.

Hatua ya 3. Waarifu watu wako kuwa utapatikana kwa kupiga na meseji tu.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipolia. Namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji hazina shida, zitaifuata laini. Balaa ni zile zinazotolewa na programu ndani ya simu, zinazobadilika kila sekunde 30. Mimi kwa mbwembwe niliifuta simu yote nikamgawia mdogo wangu. Siku ya tatu nafungua barua pepe kwenye kompyuta, naombwa namba, na programu yenyewe nimeifuta kwa mkono wangu! Wiki mbili nikibembeleza kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Kwa hiyo ingia kila akaunti, chukua namba za dharura (zile akaunti inazokupa uingie nazo programu isipokuwepo), ziandike KWENYE KARATASI. Jaribu moja, kisha ikate, maana kila namba hutumika mara moja tu. Na USIFUTE SIMU. Izime ikiwa na chaji nusu, ifungie kabatini.

Hatua ya 5. Hamisha laini. Kama tundu ni kubwa kuliko laini, tumia adapta.

MASWALI

Mgeni77: WhatsApp ya kwenye kompyuta itaendelea?
Kwa muda tu. Simu kuu isipotumika siku 14, kompyuta inatolewa. Ukipotea siku 120, akaunti yenyewe inaweza kufutwa.

Bwana_Haraka: Mkuu, nimeshafuta simu, namba za uthibitisho nazipataje?
Hatua ya 4.

Bwana_Haraka: Mbona mkali? Si nimeuliza tu.
Si ukali. Niliandika kwa herufi kubwa, ukaruka. Anza na "nimesahau" kwenye kila akaunti, na uwe na subira.

Kipepeo: Meseji yangu fupi imekata salio mara mbili. Kwa nini?
Swali zuri, dada. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukitia emoji hata moja, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, nafasi zinashuka hadi 70. Andika "nacheka", inatosha.

Kipepeo: Asante! Na wenye iPhone wanasema wamenitumia, mimi sioni kitu.
Ulitoka iPhone, siyo? Meseji zao bado zinakwenda iMessage, huduma ya meseji za intaneti ya Apple, ambayo kitochi hakina. Irudishie iPhone laini, zima iMessage kwenye mipangilio, ndipo uihamishe laini. Ungekuwa huna simu tena, tovuti ya Apple ina ukurasa wa kuiondoa namba yako. Hili lilistahili kuwa hatua, nilisahau.

Mzee_wa_Saa: Nunueni saa ya kengele. Mie kitochi kilizima usiku, nikachelewa kazini.
Kweli kabisa, mzee. Na kijidaftari cha mfukoni.

Mgeni77: Kalamu au penseli?
Penseli. Kalamu ilinivujia kwenye shati jeupe.