Kumbikumbi wameruka, lakini mbegu subiri kwanza: daftari la dalili za shamba kwa wakulima wa Moshi na Arusha

Kila vuli ikikaribia simu yangu haipumziki, huyu anasema kumbikumbi wameruka jana usiku nipande?, yule anasema siafu wameingia ndani mpaka jikoni, mvua si ndo hiyo? Wakulima wenzangu hizo dalili ni za kweli kabisa, wazee wetu hawakuwa wanabahatisha, ila kila dalili ina kitu inachosema na kitu ambacho haisemi, na hapo ndo watu wengi tunaumia.

Niwape yangu. Kuna mwaka shamba langu la chini, huku tambarare, niliona kumbikumbi wametoka wengi kweli, kesho yake asubuhi nikaita vijana tukapanda mahindi kilo kumi. Mvua ikakata wiki tatu. Zilizoota zikanyauka, ambazo hazijaota panya na kwale wakazifukua mstari mzima, ukipita unaona vishimo tu vimepangana kama vile na wao walitumia kamba. Kumbikumbi alikuwa ameniambia ukweli kwamba udongo wa juu umelowa, mimi nikasikia "mvua zimeanza". Ni vitu viwili tofauti.

Kwahiyo ukiwaona, chukua jembe nenda shambani. Chimba sentimita 15 hadi 20, toa udongo wa chini kabisa, ufinye mkononi. Ukishikana donge likabaki donge, kuna unyevu wa kumlea mche hata mvua ikisimama siku kadhaa. Ukimwagika kama unga, rudi nyumbani. Alafu sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa wa msimu na wa siku kumi kumi, uweke pamoja na ulichoona kwa macho yako, maana utabiri ni wa eneo kubwa na wewe una heka moja, na huku mlimani mnajua wenyewe, juu kinanyesha huku chini vumbi.

Ndo maana nasisitiza daftari. Daftari la kawaida la shule, kila ukurasa unaandika tarehe, umeona nini, wapi, na shamba lilikuwaje. Mjakaranda wa barabarani umeanza kutoa maua lini, mgunga umechipua majani lini wakati bado jua kali, mbayuwayu wamerudi lini (hawa huja kama mwezi wa 10 wakikimbia baridi Ulaya, huondoka masika), mvua ya kwanza ya kulowesha imenyesha lini. Mwaka wa kwanza utaona kama unaandika habari za ndege tu. Mwaka wa tatu ukizifunua pamoja, utaanza kuona kitu gani kwenu kinatangulia kingine na kwa siku ngapi, na hiyo hakuna afisa ugani anayeweza kukuletea kutoka ofisini, ni ya shamba lako.

Kahawa ndo inalipa zaidi kuiandikia. Vitumba vya maua vinakaa vimelala kiangazi chote, ikipiga mvua nzuri, baada ya kama siku kumi hivi unaamka asubuhi kihamba (shamba la kahawa la nyumbani) chote cheupe na harufu mpaka ndani ya nyumba. Maua yanadumu siku mbili tatu basi. Andika ile tarehe, kwasababu ukihesabu miezi minane hadi tisa mbele unajua lini utahitaji watu wa kuchuma na hela ya kuwalipa. Na jamani zile siku chache usipulize dawa ya wadudu, nyuki wamejaa humo.

Sasa korongo weupe. Wanakuja na vuli, ukiona kundi limetua kwenye majani ya malisho wanatembea taratibu wanadonoa donoa, usipige picha ukaondoka. Nenda pale pale uinamie nyasi, mara nyingi wanakula viwavijeshi au panzi. Viwavijeshi wakiwa wengi wanakuwa weusi, wakimaliza nyasi wanahamia kwenye mahindi, ukiwakuta toa taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa ugani wa kata, usingoje kesho.

Wale viwavijeshi vamizi walioingia nchini 2017 ni wengine, hao hawatembei kijeshi na korongo hatakusaidia kuwaona. Inabidi ufungue mwenyewe moyo wa mmea wa mahindi, yale majani machanga ya katikati. Utakuta kinyesi kama vumbi la mbao, na kiwavi ukimtazama kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia ana madoa manne yamekaa mraba. Mayai yake yako kwenye jani, kirundo kidogo kimefunikwa na kitu kama pamba chafu, ukikuta ponda na vidole hapo hapo. Mimi nakagua mahindi 20 mfululizo, sehemu tano tofauti za shamba, mara mbili kwa wiki tangu yanapoota, na idadi naandika.

Kuna jambo linaniuma kidogo, bundi. Watu wanamuua kwamba ni uchuro, huku wanalalamika panya wamemaliza mbegu. Bundi chakula chake ni panya, anawinda usiku kucha wewe umelala. Akilia kwenye mti wako muache, na uandike umemsikia lini.

Kipupwe cha mwezi wa 6 hadi wa 8 mambo yanapoa, lakini ukungu ukikaa mpaka saa nne asubuhi siku kadhaa geuza majani ya maharage uangalie ugonjwa wa kutu, na kiangazi kikikolea geuza ya nyanya utafute utitiri mwekundu, wadudu wadogo sana, wasogeze juani utawaona wanatembea.

Andikeni na penseli, peni ya wino mvua ikigusa karatasi maandishi yanaweza kufutika, na daftari likae ndani ya mfuko wa nailoni kwenye ndoo ile ile ya mbegu ili usilisahau nyumbani.