Jinsi ya Kupima Kupinda kwa Mwanga Ndani ya Kioo

Mwanga unapoingia kwenye kioo kwa mshazari hupinda, kwa sababu mwendo wake hupungua: hewani husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na katika kioo cha kawaida takriban 200,000. Uwiano wa mienendo hiyo miwili unaweza kupimwa kwa rula, bikari, kipimapembe, pini nne na kipande kinene cha kioo angavu chenye umbo la mstatili.

Laza kioo juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye ubao laini, uchore mzingo wake, kisha ukiondoe. Weka nukta O kwenye ukingo mmoja, na upitishe hapo mstari unaokatana na ukingo huo kwa nyuzi 90, tuuite mhimili. Kutoka O chora mstari mwingine kwenda nje, ulio nyuzi 50 kutoka kwenye mhimili, halafu urudishe kioo mahali pake.

Chomeka pini mbili kwenye mstari wa nje, zikiwa zimeachana angalau sentimita 5. Chungulia kutoka ukingo wa pili, ukitazama miguu ya pini wala si vichwa vyake, kwani pini iliyoinama kidogo tu huharibu kipimo chote. Sogeza jicho mpaka pini ya mbali ifichwe na ile iliyo karibu na kioo, ndipo uchomeke mbili zilizobaki upande wako, hadi zote nne zionekane kama moja. Ondoa kioo, unganisha matundu ya pini za upande wako kwa mstari unaofika ukingoni, na kutoka hapo chora mstari hadi O. Huo ndio njia ya mwanga ndani ya kioo.

Wengi hukimbilia kugawanya nyuzi kwa nyuzi, ilhali uwiano wa pembe hubadilika kila mwelekeo unapobadilika. Usiobadilika ni uwiano wa urefu, jambo ambalo Ibn Sahl wa Baghdad alilionyesha kwa pembetatu mwaka 984, na Mholanzi Willebrord Snellius akaligundua tena mwaka 1621. Chora duara lenye kitovu O na nusukipenyo cha milimita 50, ukirefusha mstari wa ndani ikibidi. Pale linapokata mstari wa nje na wa ndani, pima umbali mfupi kabisa hadi kwenye mhimili, kisha gawanya wa nje kwa wa ndani. Milimita 38 kwa 25 hutoa 1.52, ambacho ni kiwango cha kawaida cha kioo.

Rudia kwa nyuzi 30 na 70. Jibu likitofautiana sana, kagua kwanza pini zilizopinda. Maji yaliyo katika chombo angavu chenye kuta nyembamba yatakupa karibu 1.33.