Ofisi mpya ya uwakili: anza na skana
Wakili unayefungua ofisi, usikimbilie programu ya kusimamia kesi. Kwa mafaili ishirini ya mwanzo, jedwali la Excel na kalenda vinatosha kabisa. Pesa ya kwanza iende kwenye skana inayovuta karatasi yenyewe na kusoma pande zote mbili. Ile ya kufunua kifuniko itakuchosha: kiapo chenye viambatisho vya kurasa 80 ni kufunua mara 80, na hapo ndipo ukurasa wa 47 unaporukwa bila mtu kugundua.

Weka dpi 300 (nukta kwa inchi, yaani ukali wa picha), nyeusi na nyeupe. Rangi iachie ramani na picha, maana huvimbisha faili hadi ligome kupanda kwenye mfumo wa mahakama. Washa OCR, inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, utafute jina la shahidi kwa sekunde. Jina la faili lianze na mwaka: 2025-03-14_kiapo_mdaiwa, mafaili yatajipanga yenyewe.

Nakala ziwe tatu: kompyuta, wingu (hifadhi ya mtandaoni), diski ya nje. Diski ichomoe ukimaliza kunakili! Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo. Na kila mwezi jaribu kurejesha faili moja, ulifungue, ulisome.