Kupima uaminifu bila kumkamata mtu: jaribio la vizibo sita, hatua kwa hatua

Wanafunzi wanaokuja kwangu na pendekezo la utafiti juu ya uaminifu karibu wote huja na dodoso. "Wewe ni mtu mwaminifu? Nakubali sana, nakubali, sikubali." Majibu ya dodoso hilo yanajulikana kabla hata karatasi hazijachapwa, na mwongo ndiye atakayewahi kutia tiki kwenye "nakubali sana". Ukitaka kuusoma uaminifu, muweke mtu mahali ambapo uongo unalipa na hakuna anayemwona, halafu uhesabu.

Mbinu yenyewe ipo tayari. Mwaka 2013 Urs Fischbacher na Franziska Föllmi-Heusi walichapisha jaribio ambalo mshiriki anatupa dadu kwenye kikombe, anachungulia peke yake, anataja namba, na kulipwa kwa namba aliyoitaja, isipokuwa sita, ambayo hailipi kitu. Mwaka 2016 Simon Gächter na Jonathan Schulz waliripoti matokeo ya jaribio la aina hiyo kutoka nchi 23, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mtafiti hajui nani kadanganya. Anachojua ni kundi zima lingetaja nini endapo kila mtu angesema kweli, na hicho kinatosha.

Hatua ya 1: Andika swali linalobeba kigeu kimoja, yaani kitu kimoja tu kinachobadilishwa

"Umaskini, dini na elimu vinaathirije uaminifu wa wafanyabiashara?" Hilo si swali la jaribio, maana huwezi kumpangia mtu dini wala kumgawia elimu asubuhi. Jaribio linahitaji kitu unachoweza kukiwasha na kukizima wewe mwenyewe. Swali letu hapa: je, mtu akisaini ahadi ya kusema kweli kabla ya kutaja namba, atadanganya kidogo kuliko asiyesaini?

Kigeu huru ni ahadi, ipo au haipo. Kigeu tegemezi ni kiasi cha shilingi ambacho mshiriki anakidai. Uaminifu wenyewe hauonekani, kwa hiyo kwenye ripoti yako usiandike kwamba umepima uaminifu wa mtu. Umepima madai.

Hatua ya 2: Tengeneza kifaa

Dadu ni nzuri chuoni. Ila sisi tunakwenda kwa wachuuzi wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la Mwanza; ukiitoa katikati ya soko hilo, pamoja na noti mezani, umeanzisha kamari machoni pa kila apitaye, na mgambo hatasubiri maelezo ya nadharia yako. Tumia vizibo sita vya soda ya aina moja, vilivyoandikwa ndani 0, 1, 2, 3, 4 na 5, kwenye mfuko wa kitambaa. Mshiriki anaingiza mkono, anatoa kizibo kimoja, anakitazama akiwa amekupa mgongo, anakirudisha na kuutikisa mfuko. Ndipo anataja namba. Kila namba moja ni shilingi 500; sifuri haina kitu.

Vizibo vifanane kabisa. Kimoja kikiwa na kutu au mkunjo, washiriki watahisi umekitia alama ili uwajue, na hofu hiyo peke yake itabadilisha majibu. Waache waukague mfuko kabla ya kuanza.

Mlipe kila mtu shilingi 1,000 ya muda wake, awe ametaja sifuri au tano. Si haki mama aache meza ya dagaa dakika kumi aondoke mikono mitupu kwa sababu alisema kweli. Lipa taslimu. Malipo ya simu yanaacha namba na jina, na hapo siri uliyoahidi imekwisha.

Hatua ya 3: Makundi yatofautiane kwa ahadi tu

Kundi la majaribio linasaini sentensi moja: "Naahidi kutaja namba niliyoiona." Kundi linganishi nalo lisaini sentensi yenye urefu uleule: "Nathibitisha nimeelezwa taratibu za zoezi." Kama kundi linganishi halisaini chochote, ukipata tofauti hutajua imeletwa na ahadi au na ule uzito tu wa kushika kalamu mbele ya mtu mwenye kitambulisho shingoni. Asiyesoma asomewe, aweke dole gumba. Karatasi hizo zisichanganywe na fomu ya majibu.

Usitumie Biblia wala Msahafu. Hicho ni kigeu kingine, kizito, na kinahitaji jaribio lake.

Swali hili la saini lina historia ya kukutia adabu. Mwaka 2012 makala katika jarida la PNAS ilidai kwamba kusaini juu ya fomu, kabla ya kuijaza, kunapunguza udanganyifu kuliko kusaini chini. Ikapendwa sana. Mwaka 2020 waandishi wale wale, pamoja na wengine, walirudia majaribio kwa sampuli kubwa zaidi na hawakuona athari hiyo. Mwaka 2021 makala ya kwanza iliondolewa, baada ya data za jaribio lake moja, la maili za magari ya bima, kubainika kuwa za kubuni. Utafiti kuhusu uaminifu! Basi usiingie ukiwa na jibu mfukoni.

Hatua ya 4: Gawa kwa nasibu, na ujihadhari na mwezi

Hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapofia. Mtu anakusanya kundi la ahadi wiki hii, kundi linganishi wiki mbili baadaye, kisha anashangilia tofauti. Kwa Mwaloni huo ni mtego mbaya kuliko mahali pengine, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi unapungua, mzigo unakuwa mdogo, na mfuko wa mchuuzi unakauka. Shilingi 2,500 ya mwezi mpevu si shilingi 2,500 ya wiki ya giza. Ukigawa makundi kwa wiki, umepima mwezi ukadhani umepima ahadi. Saa nazo zina mambo yake: alfajiri watu wanakimbizana na mzigo, mchana wana nafasi ya kuwaza.

Dawa yake ni bahasha. Andaa 120, sitini za ahadi na sitini za linganishi, zipange katika mafungu ya kumi (tano kwa tano), changanya kila fungu, zifunge na uzipe namba. Kila mshiriki anapewa bahasha inayofuata. Kila siku, kila saa, makundi yote mawili yanakuwepo, na mwezi unayagusa sawasawa.

Wasaidizi wawe wawili. Wa kwanza anafungua bahasha na kusimamia saini. Wa pili, aliyekaa mbali kidogo, anasikia namba na kulipa bila kujua mtu katoka kundi gani. Wote waseme maneno yaleyale yaliyoandikwa. Msaidizi mmoja akiwachangamkia watu kwa "Mwadila!", salamu ya Kisukuma, na mwingine amenuna, umeongeza kigeu usichokitaka. Ukiamua kutumia Kisukuma, kitumike kwa makundi yote mawili.

Hatua ya 5: Hesabu kabla ya kwenda

Wakisema kweli wote, wastani wa malipo ya vizibo ni shilingi 1,250 na mchepuko sanifu (kadiri madai yanavyotawanyika kuzunguka wastani) ni kama 854. Kwa watu 60 kila kundi, kosa sanifu la tofauti ya makundi (kadiri tofauti hiyo inavyoweza kuyumba kwa bahati tu) ni takriban shilingi 156. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti, iwe ya shilingi 440 hivi au zaidi. Ukiwa na 30 kila kundi, inapanda hadi 620 hivi. Ahadi ya sentensi moja haitarajiwi kuleta tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo wanaoniambia "thelathini zinatosha" huwa nawarudisha.

Bajeti: 120,000 za muda, na kati ya 150,000 (wote wakweli) na 300,000 (wote wakitaja tano). Nenda na 420,000, chenji tayari.

Hatua ya 6: Vibali na ridhaa

Anza na kamati ya maadili ya chuo chako, ufuate barua hadi mkoani, Manispaa ya Ilemela, kata, na uongozi wa soko. Wenye umri chini ya miaka 18 usiwahusishe. Andika mpango wa uchambuzi na uuweke OSF (Open Science Framework, tovuti ya kuhifadhi mipango ya utafiti), ni bure, kabla ya mshiriki wa kwanza. Fanya jaribio la awali na watu wachache ambao hutawaingiza kwenye data.

Hatua ya 7: Chambua

Kwanza linganisha wastani wa makundi mawili. Hilo ndilo jibu la swali lako, litoe pamoja na kiwango cha mashaka yake hata kama tofauti ni sifuri.

Kisha tazama sifuri. Katika watu 120 wakweli, sifuri zinatarajiwa 20. Aliyetaja sifuri hakupata kitu juu ya ile 1,000 ya muda, kwa hiyo tunachukulia amesema kweli. Na kwa kuwa mkweli ana nafasi moja kati ya sita ya kukitoa kizibo hicho, zidisha mara sita. Sifuri zikiwa 8, wakweli wanakadiriwa 48, yaani asilimia 40. Ni makadirio, si orodha ya majina. Angalia na nne: nazo zikizidi 20 zinazotarajiwa, kama tano, kuna watu walioongeza chumvi bila kuthubutu kwenda hadi mwisho. Fischbacher na Föllmi-Heusi waliwakuta watu wa aina hiyo.

Kwenye ripoti andika: "Washiriki waliosaini ahadi walidai wastani wa shilingi kadhaa, ikilinganishwa na kadhaa kwa wasiosaini ahadi." Usiandike "wachuuzi wa Mwaloni ni waongo", na usiwalinganishe na nchi zile 23, ambako washiriki walikuwa vijana wa vyuo na malipo yalikuwa mengine. Nakala ya matokeo irudi kwa uongozi wa soko, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja.