Ukifika Porto, tiketi ya duka la vitabu usiitupe

Livraria Lello, pale Porto nchini Ureno, ni duka la vitabu linalotoza kiingilio. Wageni wengi hulipa, hupiga picha ile ngazi nyekundu iliyojipinda, wakatoka mikono mitupu. Kumbe ukinunua kitabu humo ndani, ulicholipia tiketi hupunguzwa kwenye bei yake! Basi nenda ukijua unataka nini. Nunua tiketi mapema mtandaoni, chagua saa ya kwanza asubuhi kabla msongamano haujaanza, na ukishaingia inua macho uangalie dari la vioo vya rangi. Jengo ni la mwaka 1906, na kwa kweli ngazi si kitu pekee cha kutazama.

Kama foleni huiwezi, na safari yako inapita Uholanzi, shukia Maastricht. Huko kuna duka la vitabu liitwalo Boekhandel Dominicanen, ndani ya kanisa la karne ya 13, na kuingia ni bure. Rafu zake za chuma zina ghorofa. Panda hadi juu kabisa, utaiona michoro ya kale ya dari kwa ukaribu ambao hata waumini wa zamani hawakuupata. Mkahawa uko pale ilipokuwa altare. Mimi ningeanzia huku, Porto baadaye.

Vitabu ni vizito, na mizani ya uwanja wa ndege haina huruma. Tafuta diwani nyembamba ya mashairi, hata kama lugha yenyewe unaisoma kwa kubahatisha.